Kuku wa Ufipa hawakosi wadudu, wanakosa chokaa

MFUGAJI wa kuku katika uwanda wa juu wa Ufipa anavyo vitu viwili ambavyo wenzake wa mijini huvinunua kwa bei kubwa. Vitu hivyo ni mahindi na wadudu.

Rukwa ni miongoni mwa mikoa minne ya nyanda za juu za kusini iliyojulikana kwa miaka mingi kuwa ghala la mahindi la taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Wadudu nao hawanunuliwi. Mvua za kwanza zinapoanguka mwezi Novemba, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Mkulima anapolima matuta ya mviringo ya intumba, ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake ili yaoze yawe mbolea, kuku humfuata nyuma wakiokota nyenje, mchwa na mabuu.

Kwa mlo wa namna hiyo mtu angetegemea mayai ya kutosha na yenye ganda gumu. Hata hivyo si ajabu, katika boma lile lile, kukuta yai lenye ganda laini kama ngozi, kuku anayedonoa mayai yake mwenyewe, au tetea aliyelala chini akashindwa kusimama baada ya kutaga mfululizo.

Wengi hudhani huo ni ugonjwa wa kuambukiza, wakakimbilia duka la dawa kununua viuavijasumu. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure. Kuku huyo amekula protini ya kutosha kutoka kwa wadudu na nguvu ya kutosha kutoka kwenye mahindi, lakini hakupata madini ya kalsiamu, ambayo ndiyo yaliyomo ndani ya chokaa.

Punje ya mahindi karibu haina kalsiamu kabisa. Nyenje, panzi, mchwa na kumbikumbi wanayo kidogo mno, kwa sababu mdudu hana mifupa. Mfugaji anayetegemea vitu hivyo viwili peke yake anamtaka kuku ajenge nyumba bila kumpa matofali.

Somo kutoka kwa kinyonga

Jambo hili limethibitishwa mahali ambapo mfugaji wa Rukwa asingepafikiria, yaani katika nyumba za Ulaya na Marekani ambako watu hufuga kinyonga kama wengine wanavyofuga paka.

Kinyonga, ambaye vijijini wengi humwogopa ingawa hana sumu, hula wadudu hai. Porini huchagua wa aina nyingi na huota jua mchana kutwa. Akiwekwa ndani ya kizimba, hupewa nyenje wa kununuliwa dukani. Mwili wa nyenje una fosforasi mara kadhaa zaidi ya kalsiamu, wakati mnyama anayekua au anayetaga huhitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi.

Kinyonga aliyelishwa nyenje watupu hupata maradhi ya mifupa. Miguu hupinda, taya hulegea hata akashindwa kurusha ulimi, na jike hushindwa kutoa mayai akafa nayo tumboni.

Wafugaji hao walijifunza kufanya mambo matatu. Kwanza, huwalisha nyenje mboga za majani siku moja kabla, ili mdudu aingie kwa kinyonga akiwa na tumbo lililojaa. Pili, huwatikisa nyenje ndani ya mfuko wenye unga wa kalsiamu mpaka wapakike. Tatu, humwekea kinyonga taa maalumu inayotoa mionzi kama ya jua, kwa kuwa bila mionzi hiyo mwili hautengenezi vitamini D, na bila vitamini D kalsiamu inayoliwa haifyonzwi vizuri.

Msomaji asije akadhani kwamba hapa anashauriwa kukamata vinyonga na kuwauza. Machi 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, biashara ambayo vinyonga wa Tanzania walikuwa sehemu yake. Juni 2022 ilitangazwa kuwa wafanyabiashara waliobaki na wanyama wangepewa miezi 6 ya kuwaondoa, lakini tangazo hilo likasitishwa siku chache baadaye. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo hairuhusu kukamata mnyamapori bila kibali.

Kinachofaa kuchukuliwa ni maarifa ya ulishaji. Kuku wa Sumbawanga anayeshinda nje ana jua la bure, kwa hiyo taa haimhusu. Kilichobaki ni unga wa chokaa.

Hesabu ya ganda moja

Ganda la yai la kawaida lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na karibu lote ni chokaa. Ndani yake mna kalsiamu takriban gramu 2. Kwa kuwa si kalsiamu yote inayoliwa inayofyonzwa, kuku anayetaga kila siku anahitaji kula takriban gramu 4 kwa siku.

Asipoipata kwenye chakula huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Ataendelea kutaga kwa siku kadhaa, ganda likizidi kuwa jembamba, kisha ataacha kutaga au ataanguka.

Mawe ya chokaa yaliyosagwa yana kalsiamu takriban asilimia 38. Mwenye matetea 20 yanayotaga kila siku anahitaji gramu 80 za kalsiamu, sawa na gramu 210 hivi za chokaa kwa siku, au kilo 6 na ushei kwa mwezi. Kuku wa kienyeji, ambaye hutaga kwa vipindi kisha akaatamia, anahitaji pungufu ya hapo kwa mwaka mzima, ila katika wiki za kutaga mahitaji yake hupanda vile vile.

Hasara ya kukosa chokaa hiyo si ndogo. Trei moja ina mayai 30. Mchuuzi anayesafirisha trei kutoka Laela au Matai hadi Sumbawanga mjini, akipoteza mayai 3 kwa kila trei kwa sababu ya ganda jembamba, amepoteza asilimia 10 ya mali yake kabla hajafika sokoni. Kwa wachuuzi wengi hiyo ndiyo faida yote ya safari.

Chokaa ipatikane wapi

Njia ya kwanza ni kununua chokaa ya mifugo kwenye maduka ya pembejeo. Hapa tahadhari inahitajika. Chokaa ya kupaka nyumba au ya kujengea ni mawe yaliyochomwa motoni. Hiyo huunguza mdomo na utumbo wa kuku na haifai kabisa. Inayotakiwa ni mawe yasiyochomwa, yaliyosagwa tu.

Njia ya pili ni mifupa. Mifupa kutoka buchani huchomwa mpaka iwe myeupe na ivunjike kwa urahisi, kisha hutwangwa. Unga wake una kalsiamu na fosforasi kwa pamoja, hivyo hufaa pia kwa vifaranga wanaokua, kwa kiasi kidogo.

Njia ya tatu haigharimu chochote. Mjini Sumbawanga, kama ilivyo katika miji yote nchini, wauza chipsi mayai hutupa maganda kila usiku. Kibanda kinachovunja trei 2 kwa siku hutupa maganda yenye uzito wa gramu 330 hivi, ambayo yanaweza kukidhi mahitaji ya kuku wapatao 30. Kijana mwenye baiskeli akizungukia vibanda vichache atakuwa na bidhaa ya kuuza kwa wafugaji.

Maganda hayo yaoshwe, yaanikwe, kisha yakaangwe kwenye sufuria kavu au bati juu ya moto ili kuua vimelea. Baada ya hapo yapondwe vizuri. Yakiachwa vipande vikubwa vinavyofanana na yai, kuku watajifunza kudonoa mayai kwenye kiota.

Chokaa isiwe unga mwororo wote. Vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya ulezi au mtama hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ambao sehemu kubwa ya ganda hutengenezwa. Kwa sababu hiyo pia ni vizuri chokaa iwepo jioni, kabla kuku hawajalala.

Kwa mwenye kundi mchanganyiko, yaani majogoo, matetea na vifaranga pamoja, njia iliyo salama ni kuweka chokaa kwenye chombo chake pembeni badala ya kuichanganya kwenye chakula. Tetea anayetaga huifuata mwenyewe kulingana na mahitaji yake. Vifaranga wakilazimishwa kula chakula chenye chokaa nyingi huharibika figo. Wao wanahitaji kalsiamu takriban asilimia 1 tu ya chakula, wakati kuku wa mayai huhitaji asilimia 3.5 hadi 4.

Wadudu nao wana gharama

Baada ya chokaa, mfugaji anaweza kutazama namna ya kuwatumia wadudu vizuri zaidi. Kumbikumbi hudumu wiki chache tu. Wakati wa msimu wachemshwe kwa dakika chache kwenye maji yanayotokota, waanikwe juani mpaka wakauke kabisa, kisha wahifadhiwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Wana mafuta mengi, hivyo wasikae mpaka wakachacha.

Mchwa hupatikana karibu mwaka mzima. Mbinu inayotumika sehemu nyingi ni kujaza chungu kikuukuu kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua ya mahindi yaliyoloweshwa kidogo, kisha kukifunika kichwa chini juu ya tundu la kichuguu jioni. Asubuhi chungu huwa kimejaa mchwa, na kuku humwagiwa hapo hapo.

Wanaotaka kuzalisha kwa wingi hutumia funza wa nzi askari mweusi, ambaye katika miaka ya karibuni ameenea sana Afrika Mashariki. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoko Nairobi ni miongoni mwa taasisi zilizomfanyia kazi kubwa, na Kenya iliweka viwango vya ubora wa wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo mwaka 2017. Umoja wa Ulaya nao uliruhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha kuku na nguruwe mwaka 2021.

Funza huyo hulishwa maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya mboga za sokoni na pumba, na huwa tayari kuvunwa baada ya wiki 2 hadi 3 hali ya hewa ikiwa ya joto. Akikaushwa ana protini ya asilimia 40 na kitu. Tofauti na nyenje na mchwa, ngozi yake ina kalsiamu ya kutosha kiasi, ingawa hiyo peke yake haimtoshi kuku anayetaga.

Kwa Ufipa kuna kikwazo cha baridi. Nzi huyo hustawi kwenye nyuzijoto 27 hadi 30. Sumbawanga iko takriban meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hata chini ya nyuzi 10. Katika miezi hiyo funza hudumaa, na nzi hawatagi.

Hapo ndipo penye nafasi ya biashara. Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ngema kuelekea Muze na Ilemba, liko kwenye meta 800 hivi na lina joto karibu mwaka mzima. Hali ni hiyo hiyo mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kasanga na Kirando. Mtu wa bondeni anaweza kuzalisha, kukausha na kupandisha funza kwenye magunia kwenda uwandani, kama ambavyo dagaa wamekuwa wakipandishwa siku zote.

Je, inalipa? Kila mfugaji apige hesabu kwa bei za soko lake. Kanuni ni kugawanya bei ya kilo kwa kiasi cha protini kilichomo. Kwa mfano tu, dagaa wenye protini asilimia 55 wakiuzwa sh. 5,000 kwa kilo, kilo moja ya protini inamgharimu mnunuzi sh. 9,100 hivi. Funza wakavu wenye asilimia 42 wakiuzwa sh. 2,500, kilo ya protini ni sh. 5,950. Mashudu ya alizeti yenye asilimia 27 yakiuzwa sh. 800, kilo ya protini ni chini ya sh. 3,000.

Kwa hesabu hiyo mashudu, ambayo Rukwa yanapatikana, ndiyo yawe tegemeo. Hata hivyo mashudu na mahindi vyote vina upungufu wa kirutubisho kiitwacho laisini, ambacho wadudu na dagaa wanacho kwa wingi. Ndiyo maana wadudu kidogo wanaochanganywa hufanya kazi kubwa, na hakuna haja ya kuwajaza.

Mchanganyiko wa kilo 100 kwa kuku wanaotaga unaweza kuwa hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 45, pumba za mahindi kilo 12, mashudu ya alizeti kilo 20, funza wakavu kilo 10, dagaa kilo 4, chokaa kilo 8, chumvi nusu kilo, na mchanganyiko wa vitamini na madini wa dukani nusu kilo. Hapo protini inafikia asilimia 16 hadi 17, na kalsiamu inakaribia asilimia 4.

Chokaa hiyo ikiondolewa, kalsiamu inashuka chini ya asilimia 1, na kilo 92 zilizobaki zinaliwa bila kuleta yai linalouzika.

Mdudu aliyekufa asiokotwe

Kuna hatari moja ambayo inaweza kumaliza kundi zima kwa siku moja, nayo ni sumu.

Bonde la Rukwa limejulikana kwa miongo mingi kuwa moja ya mazalio ya nzige wekundu. Huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti iliundwa mwaka 1949, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia. Mwaka 2009 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisaidia kampeni ya kuwanyunyizia nzige katika tambarare za Ziwa Rukwa, Iku-Katavi na Malagarasi, kwa kutumia kuvu wanaoshambulia nzige badala ya sumu ya kawaida.

Mwanakijiji anayekuta nzige wamelala chini hawezi kujua kwa macho ni dawa ipi iliyotumika. Kanuni iwe moja: mdudu aliyekutwa amekufa au analegea asiokotwe, wala kuku wasifunguliwe mahali hapo mpaka ofisa kilimo aseme ni salama.

Kanuni hiyo inahusu pia mashamba ya mahindi. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoonekana Rukwa mwaka 2017, unyunyiziaji wa dawa umekuwa kazi ya kila msimu. Kuku hupenda sana viwavi hao, na kabla ya kunyunyiza waachwe wale wapendavyo. Baada ya kunyunyiza wafungiwe kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Masalia ya ghalani yenye dawa ya vumbi ya kuhifadhia nafaka nayo yasimwagiwe kuku, hata kama yamejaa fukusi walionona.

Funza waliozaliana kwenye mzoga ni hatari nyingine. Wanaweza kubeba sumu ya bakteria inayolegeza shingo na mabawa ya kuku mpaka anakufa. Mzoga uchomwe moto au ufukiwe kwa kina.

Lishe hii yote haitakuwa na maana iwapo kundi litafagiliwa na kideri. Chanjo ya matone ya jicho aina ya I-2 hutolewa kila baada ya miezi 3, na kwa kuku wa kijijini hiyo ndiyo bima iliyo nafuu kuliko zote.

Faida ibaki nyumbani

Wakulima wa Rukwa wanaukumbuka mwaka 2017, Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi na bei zikaanguka huku maghala yakiwa yamejaa. Gunia lililokosa mnunuzi lilibaki kuwa mzigo.

Mahindi yanayopita kwa kuku hutoka yakiwa mayai, na mayai yana mnunuzi kila siku, kwenye kibanda cha chipsi, mgahawani na hospitalini. Lakini mahindi peke yake hayatengenezi yai, na mahindi na kumbikumbi pamoja hutengeneza yai linalovunjika njiani.

Mfugaji anayetaka kujaribu aanze wiki hii bila gharama. Aweke kopo la maganda yaliyokaangwa na kupondwa karibu na chombo cha maji, ahesabu mayai yenye ganda laini kwa siku 14, kisha alinganishe na wiki 2 zilizopita. Yakipungua, amepata jibu. Yasipopungua, na kuku wanaonekana kudhoofika, hapo ndipo amwite ofisa mifugo, kwani tatizo litakuwa jingine.